Msafara Uliokwama kwa Mabibi

Mpira wa mwisho wa shule ulikufa saa ya michezo, kwa mwiba wa mgunga. Ndivyo ilivyokufa mipira yote iliyoutangulia. Uwanja ule umezungukwa na migunga, na mgunga wa Ugogo hauchagui: huchoma tairi la baiskeli ya mkuu wa shule, huchoma ndala ya mtoto, huchoma hata mpira mpya ulioletwa kwa shangwe na mgombea ambaye baadaye hakuchaguliwa. Watoto waliuzunguka, wakaunyamazia kidogo kama watu waliofika msibani, kisha mmoja akauvaa kichwani akaondoka nao.

Mwalimu Joha alibaki na filimbi shingoni na darasa la sita zima likimtazama miguu. Hakuna aliyeuliza, "Sasa tucheze nini?" Watoto wale hawakuwa watu wa kuuliza. Na hilo, kuliko mpira, ndilo lililokuwa likimnyima usingizi.

Joha alikuwa binti wa Kondoa, mwembamba, mwenye mtandio ulionyooshwa kwa pasi hata siku za vumbi. Serikali ilimpangia kijiji hiki cha Chamwino, na kijiji kilimpokea vizuri. Watoto walimpenda. Walimbebea maji, walimfutia ubao, na siku alipougua malaria walikaa nje ya dirisha lake kimya hadi alipokohoa, wakajua yu hai, wakaenda zao. Lakini akiwauliza swali la historia, darasa zima liliinamisha macho. Walilelewa hivyo: mtoto mwenye adabu hamkodolei mtu mzima macho wala hajibizani naye. Na kujibu swali, kwao, kulifanana mno na kujibizana.

Jumatatu ya wiki ile Mwalimu Matonya, mkuu wa shule, alikuwa amemwita ofisini. Matonya hakuwa mtu mbaya. Siku Joha alipohamia, ni yeye aliyembebea kitanda chake kwenye baiskeli, akasukuma kutoka stendi hadi kijijini huku akisema hakijamlemea. Siku hiyo, hata hivyo, alikuwa na mitihani mbele yake, na uso wake ulikuwa umelemewa.

"Mwalimu, nimeuliza: misafara ya biashara iliyopita Ugogo ilikuwa inakwenda wapi? Mmoja ameandika, 'Mnadani.'"

"Pole, mkuu."

"Subiri, pole yenyewe bado. Waliobaki wote wamemwiga huyo."

Joha akauma mdomo asicheke.

"Siku ya wazazi afisa elimu kata atakuwa hapa," Matonya aliendelea. "Atawauliza hawa watoto historia mbele ya wazazi wao. Wakijua, somo ni lako. Wasipojua, nalichukua mwenyewe, nawe utakwenda darasa la kwanza ukaimbe a-e-i-o-u. Si adhabu, mwanangu. Ni kwa ajili ya watoto."

Joha hakuwa na ugomvi na a-e-i-o-u. Lakini historia ilikuwa imemwingia tangu utotoni, tangu baba yake alipompeleka Kolo akaona michoro ya miambani, akakataa kuondoka hadi alipobebwa. Kunyang'anywa somo lile kungekuwa kubebwa mara ya pili.

Basi pale uwanjani, mpira ukiwa umekwenda zake kichwani mwa mtoto, ndipo wazo lilipomjia. Atatunga mchezo ambao mwiba hauwezi kuuchoma.

Akauita Msafara. Pwani ilikuwa lango la shule. Ujiji ilikuwa nyumba ya walimu, ng'ambo ya uwanja. Katikati alichora kwa majivu himaya za watemi wa Ugogo. Timu moja ilikuwa ya wapagazi: walibeba vichwani viroba vya pumba, ndiyo vitambaa vya merikani, shanga na waya kutoka pwani. Timu ya pili ilikuwa ya watemi na askari wao. Msafara ukifika kwa mtemi lazima usimame na kulipa hongo, maana yake hongo ya zamani, ada ya njia na maji, si hii ya leo iliyobandikiwa bango la kuikataa kwenye ukuta wa ofisi. Wakipatana, mtemi anachukua viroba vyake na msafara unapita. Wakitaka kukwepa, wakimbie pembeni. Ila askari akimgusa mpagazi, kiroba kimekwenda.

Mtemi wa kwanza alikuwa Sila, msichana mfupi mwenye macho makali aliyeyaficha sakafuni muda wote. Kiongozi wa msafara alikuwa Jordan, mrefu hadi dawatini alikaa amejikunja.

"Hodi," alisema Jordan.

"Karibuni," alisema Sila.

"Tunaomba kupita."

"Piteni tu."

"Mtemi!" Joha alipiga kelele. "Dai hongo!"

Sila akatazama vidole vyake vya miguu. "Mwalimu, ni wageni. Wametoka mbali."

"Na wamebeba," alisema askari mmoja kwa huruma. Kabla Joha hajapata la kusema, askari wa mtemi walikuwa wamewatua wapagazi viroba vyao, wakawabebea hadi Ujiji. Watemi wengine wakasaidia. Wote walifika wakiwa na furaha, wakanywa maji kwenye ndoo ya walimu.

"Nani ameshinda?" aliuliza Joha, akiwa amechoka.

"Wote, mwalimu," walijibu. Ndilo jibu la kwanza walilowahi kumpa kwa pamoja.

Jioni alimsimulia Bibi Anyesi, mwenye nyumba wake. Bibi Anyesi alikuwa Mkristo wa kanisa la asubuhi na jioni, lakini tangu Joha ahamie kwake, kuku wa nyumba ile hakuchinjwa ila kwa mkono wa Hashimu fundi baiskeli, ili mpangaji ale bila wasiwasi, na mkeka mmoja ulitengwa wa kuswalia, hakuna aliyeukalia. Hayo hakuyasema kamwe. Alichokisema kila siku ni utani.

"Nyie watu wa Kondoa mna taabu," alisema, mwiko ukiwa ndani ya ugali wa uwele. "Watoto wangu wanapendana, wewe unalia?"

"Nataka wadai, bibi. Wakatae. Wabishane kidogo."

"Mbele yako hawataweza. Wewe ni mwalimu." Akageuza ugali. "Mimi hiyo hongo siijui, shule niliiacha mapema. Lakini kuuza kuku naweza. Ijumaa nitakuja."

Ijumaa akaja, akaketi kwenye kigoda ndani ya duara la majivu la Sila, na Sila akasimama nyuma yake kujifunza. Msafara ukafika.

"Shikamoo, bibi," alisema Jordan. "Tunaomba kupita."

"Marahaba. Mtapitaje, na huyo wa nyuma amekitazama kisima changu hadi maji yamepungua?"

Watoto wakatumbua macho.

"Na huyo wa fulana nyekundu amepiga chafya, uwele wangu wote umelala. Mbuzi wangu naye ameziona sura zenu, ameacha kunyonyesha. Nani atanilipa? Leteni viroba vyote."

"Bibi, vyote ni vingi..."

"Usiniite bibi! Hapa hakuna mjukuu, mimi ni mtemi! Bishana!"

Jordan alimtazama Joha, kama mtu anayeomba ruhusa ya kuvunja sahani. Joha akatikisa kichwa kukubali. Jordan akamgeukia Bibi Anyesi.

"Mtemi," alisema polepole, "huyo mbuzi wako ni beberu. Tangu azaliwe hajanyonyesha."

Uwanja ukalipuka. Bibi Anyesi mwenyewe alicheka hadi akashika kigoda kwa mikono miwili. Tangu siku ile, bwawa lilikuwa limepasuka. Watemi walidai hongo kwa sababu mpagazi amekanyaga kivuli chao, kwa sababu punda amemtazama vibaya mke wao, kwa sababu msafara umefika na vumbi lisilo la pale. Wapagazi walibisha. Joha naye akaongeza sheria: anayetaka apunguziwe hongo aseme jambo moja la kweli kutoka kwenye somo. Watoto wakaanza kusoma kitabu kama watu wanaonoa mapanga.

Siku ya wazazi ilipokaribia, Joha alimwona Sila akipita nyumba kwa nyumba jioni. "Bibi, kesho njoo shuleni, nitakuwekea kiti pazuri." Asubuhi yake alimwona akibeba viti kutoka madarasani, viwili viwili, akivipanga mwenyewe, kisha akiwashika mikono mabibi mmoja mmoja na kuwaketisha. Machozi yalimlengalenga Joha. Kama sikuwafundisha historia, alijisemea, basi moyo wa huruma wanao. Hakujiuliza kwa nini viti havikuwa chini ya turubai na wazazi wengine, bali pembezoni mwa uwanja, mstari mrefu, kuanzia himaya ya kwanza hadi karibu na Ujiji.

Afisa elimu kata aliketi turubaini na karatasi ya maswali. Matonya aliketi kando yake, kofia ya pama kichwani, akimmiminia soda. Joha akapuliza filimbi.

Msafara uliondoka pwani ukiimba. Ulipofika kwa Sila, alidai viroba vyote na mwimbaji mmoja. Jordan akakataa. Wapagazi wakanong'onezana, kisha wakachomoka mbio kukwepa pembeni, vumbi likatimka, wazazi wakashangilia.

Na huko pembeni ndiko walikokaa mabibi.

Kijijini pale mtoto hampiti mtu mzima na mzigo kichwani kama anayepita kisiki. Hutua mzigo, hukunja magoti, husalimia. Miguu ya Jordan ilisimama yenyewe. Viroba vikashuka kimoja baada ya kingine.

"Shikamooni!"

"Marahaba! Huyu si wa Abeli huyu? Mbona umekonda hivyo, hawakupi mlenda?"

Askari wa Sila hawakukimbia hata kidogo. Walikuja wakitembea, wakakunja magoti, wakasalimia na wao, kisha wakawagusa wapagazi wote. Viroba vikatekwa papo hapo. Sila alikuwa amesimama katikati ya majivu yake, mikono kiunoni, na kwa mara ya kwanza Joha aliona jinsi uso ule ulivyo ukitabasamu.

Kumbe viti vile vilikuwa mtego.

Bibi Elieth, bibi yake Jordan, aliinuka na fimbo yake. "Nani amemgusa mjukuu wangu akiwa ananisalimia?"

"Ni mchezo, bibi," alisema askari mmoja akirudi nyuma.

"Mchezo gani usiosubiri marahaba?"

"Elieth, kaa chini," alisema Bibi Anyesi kutoka kiti cha tatu. "Hongo ni hongo."

"Wewe Anyesi, tangu lini ukawa mtemi?"

"Tangu Ijumaa ile!"

Mabibi wakagawanyika. Wa upande wa Jordan walitaka viroba virudi. Wa upande wa Sila walisema mjinga ndiye aliwaye. Mzee mmoja akaja kusuluhisha, akaambiwa arudi turubaini akanywe soda. Wazazi wakaanza kuingia uwanjani. Afisa elimu kata akasimama ili aone vizuri. Matonya akaweka chupa chini, na Joha akamwona anavyomtazama: ule mtazamo wa siku ya kitanda, wa mtu anayetaka kukwambia hakijamlemea ilhali kimemlemea.

Somo linaondoka, alijisemea Joha. Alikuwa ametunga sheria ya hongo na sheria ya kuguswa, ila sheria ya mabibi hakuwa ameitunga. Aliinua filimbi, akaishusha. Unawapulizaje filimbi wazee? Akakimbia hadi pale, akakunja magoti, akasema, "Shikamooni," akasubiri aitikiwe na wote, kisha akapaza sauti hadi mtandio ukateleza:

"Sheria mpya! Anayesalimia hakamatwi mpaka salamu iishe! Viroba virudi!"

Kisha mabibi wa pande zote mbili wakaafiki, maana hapo palikuwa na haki, wakaketi.

Jordan alisimama akifikiri. Macho yake yakafuata mstari wa viti, kutoka bibi hadi bibi, hadi karibu na Ujiji. Akatwaa kiroba chake, akapiga magoti mbele ya bibi yake tena, msafara wote nyuma yake.

"Bibi, nyumbani hamjambo?"

Bibi Elieth alikuwa mwepesi kuliko fimbo yake, akachanganya na salamu ya Kigogo. "Hatujambo, mume wangu. Mbukwa! Na mguu wako ule uliojikwaa?"

"Umepona. Ng'ombe je?"

"Yupo. Mvua je, kwenu imenyesha?"

"Kwetu ndiko kwako, bibi."

"Ndiyo, lakini nijibu."

Askari walikuwa wamesimama juu yao, mikono hewani, hawathubutu kugusa. Salamu ya kwanza ilipokaribia kuisha, Jordan alijikokota kwa magoti hadi kiti cha pili, akaanza upya. Wapagazi wakafuata. Mabibi wakaelewa, wakawa wanavuta salamu kama mlenda, wakiuliza habari za watu waliohamia Kondoa zamani, za kuku, za paa. Hata Bibi Anyesi, aliyekuwa upande wa mtemi, hakuweza kuona mtoto amepiga magoti mbele yake asimuulize amekula nini. Msafara ulivuka himaya za Ugogo hivyo, bibi kwa bibi, bila kuguswa na mtu. Turubaini watu walikuwa wanashikana mabega kwa kicheko.

Sila alikimbia kuzunguka, akasimama pale viti vilipoishia, hatua chache kabla ya Ujiji.

"Kiongozi wa msafara! Umeanza kusalimia kwenye ardhi ya nani?"

Jordan akainuka. Hapakuwa na bibi mwingine mbele. "Yako, mtemi."

"Viroba vyote."

"Vyote? Merikani hii imetoka Bagamoyo vichwani mwa watu! Nikikupa yote, nitanunua nini Ujiji? Nitakula nini njiani, Unyanyembe?"

"Hayo ni yako."

"Ni yako pia. Ukitunyang'anya, mwakani misafara itapita njia nyingine. Utamuuzia nani uwele na mbuzi?"

Sila hakutazama sakafu. Sakafu yenyewe haikuwepo. Alimtazama Jordan machoni.

"Pita njia nyingine ukanywe nini? Umetoka nyika ya Marenga Mkali, uliona maji? Hata ya kunawa hakuna. Kisima ninacho mimi, na hakikujichimba. Watu wangu walichimba kwa mikono, na mwaka wa ukame kinakauka, wewe uko Ujiji. Hongo si uroho. Hongo ni kisima."

Joha alisahau kwamba ana filimbi. Afisa elimu kata alikuwa ameigeuza karatasi yake ya maswali, anajipepea nayo, shingo mbele.

Wapagazi na askari sasa walikuwa wanabishana wote, huyu na chumvi, huyu na pembe za ndovu, huyu akiapa kwamba Wanyamwezi walibeba kuliko punda, na jua lilikuwa limekaza. Matonya akaona wali wa wageni utapoa. Akainuka kwenda kuwaambia muda umekwisha. Akakata uwanja katikati, akaruka mstari wa majivu wa Sila.

"Simama!" alisema Sila.

Matonya alitazama nyuma kuona nani anaambiwa.

"Umeingia himaya yangu. Hongo."

"Sila, mimi ni mkuu wa shule."

"Kila msafara una mkubwa wake."

Kicheko kilitoka turubaini kama maji. Matonya alianza kurudi nyuma kwa heshima, kidogo kidogo, na huenda angepona, kama sauti isingetoka vitini.

"Matonya! Unanipita bila salamu?"

Mkuu wa shule alikuwa mtu wa mvi tayari. Lakini Bibi Anyesi alikuwa amemchotea mama yake maji wiki ile alipozaliwa. Akavuta suruali kidogo magotini, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo? Na mgongo wake? Na yule dada yako wa Kondoa, alijaliwa?"

Akajibu yote, kwa subira, jua likimpiga. Kisha Bibi Elieth akamwita. Kisha wa tatu. Askari wa Sila walisubiri pembeni kwa adabu hadi marahaba ya mwisho ikaitikiwa. Ndipo wakamgusa, wote kwa pamoja. Hakuwa na kiroba. Wakachukua kofia.

Joha alipomfuata, alimkuta kichwa wazi, paji la uso linang'aa, anajifuta.

"Afisa anasema amekuja na maswali," alisema Matonya, "na hakupata pa kuyaulizia. Somo lako linaitwaje kwa ukamilifu, mwalimu?"

"Historia ya Tanzania na Maadili, mkuu."

"Historia nimeisikia pale kwa mtemi. Maadili yamenimaliza magoti." Akapumua. "Endelea nalo, mwanangu. Darasa la kwanza nitaliimbisha mwenyewe."

Joha alitaka kushukuru. Akatazama chini, macho kwenye vidole vya miguu, kama mwanafunzi wake yeyote.

"Sasa nisaidie kofia yangu."

"Mkuu, mimi ni refa tu. Kofia iko kwa mtemi."

Matonya alienda hadi kwenye duara la majivu. Sila alikuwa ameivaa, ilimfika mabegani.

"Mtemi, naomba kofia."

"Una nini?"

"Nimewaachia mwalimu wenu wa historia."

"Huyo ni wetu tangu asubuhi. Una nini kingine?"

Matonya alikuna kichwa. "Ijumaa mchana iwe ya michezo. Yote."

"Na darasa la saba waje."

"Wana mtihani hao!"

"Basi kofia inabaki Ugogo."

"Usishuke bei, mtemi!" Bibi Anyesi alipaza sauti kutoka kitini. "Huyo ana shamba la zabibu Makutupora, mimi namjua!"

Mkuu wa shule alimgeukia, akamgeukia Sila, akautazama umati wote uliokuwa umesogea kusikiliza. Kisha akakunja suruali, akaketi mavumbini mbele ya mwanafunzi wake.

"Zabibu bado mbichi," alisema. "Tuzungumze."